Harusi Mwanza: bia 480 zimebaki, wakwe wamekosa maji ya kunywa, sasa kamati inataka kuzinywa siku ya kuvunja kamati!

Wakuu, heshima kwenu wote.

Nina hasira na sitaificha. Harusi ya mdogo wangu imefanyika hapa Mwanza Jumapili iliyopita, kwenye ukumbi mmoja wa upande wa Nyakato ambao sitautaja. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Daftari la michango nimelishika tangu kikao cha kwanza, kwa hiyo ninachosema hapa nakisema kwa majina na kwa tarakimu.

Wageni 320. Kamati iliagiza bia 1,120. Zilizofunguliwa ni 640. Zimebaki 480, na ukumbi umetuuzia kila moja shilingi 2,500. Hiyo ni shilingi 1,200,000 imelala chini. Na wakati bia zimejaa mapipa, maji ya kunywa yaliisha kabla hata maharusi hawajaingia ukumbini.

Hesabu ya 1,120 ilitoka wapi? Mwenyekiti alikuja kikaoni na simu, ana kikokotoo cha mtandaoni cha Marekani alichoonyeshwa na kijana wake. Kule waandaaji wa sherehe wana kanuni yao: vinywaji vikiwa vya bure kwa wote, kadiria kinywaji kimoja kwa mgeni kwa kila saa. Mwenyekiti akachukua saa tano, saa 1 usiku hadi saa 6, akapata bia tano kwa kichwa. Akasema asilimia 70 ya watu wanakunywa. Asilimia 70 ya 320 ni 224, mara tano ni 1,120. Kikao kikapiga makofi, hoja ikapita.

Nilinyoosha mkono siku ileile. Bia moja ya hesabu ya Marekani ni mililita 355. Chupa yetu ni mililita 500. Bia zao tano ni mililita 1,775, yaani chupa zetu tatu na nusu. Kwa hiyo hata kama kanuni hiyo ingetufaa, kwa wale watu 224 tayari alikuwa amezidisha zaidi ya chupa 300. Nikajibiwa kwamba nabana matumizi, na kwamba bia ikiisha ukumbini ni aibu ya ukoo.

Lakini hiyo asilimia 70 ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu hatukuwa na haja ya asilimia yoyote. Harusi zetu hazikatiwi tiketi mlangoni. Kila aliyeingia pale alichanga, akapewa kadi, jina lake liko kwenye daftari, na ndani ya kamati kuna mtu anayemjua mpaka anachokunywa. Nilikaa na shangazi yangu na marafiki wawili wa bwana harusi, tukapitia jina kwa jina, tukaweka safu tatu: asiyekunywa kabisa, anayeonja moja au mbili akaacha, na mnywaji mwenyewe. Wasiokunywa 165. Waonjaji 60. Wanywaji 95. Wanywaji ukiwapa tano tano ni 475, waonjaji mbili mbili ni 120, jumla 595. Ongeza asilimia kumi ya tahadhari, unafika 655 hivi. Karatasi hiyo niliisoma kikaoni, na picha yake iko kwenye grupu la WhatsApp la kamati hadi leo. Zimefunguliwa 640, wakuu. Jibu walikuwa nalo wiki tatu kabla ya sherehe!

Na hao 165 si watu wa kubahatisha. Upande wa mama wa bibi harusi ni Wasabato wa Musoma na Majita, karibu watu 60. Kamati ilijua hilo vizuri sana, kwa sababu ni kamati hiyohiyo iliyohamisha sherehe kutoka Jumamosi kwenda Jumapili ili wazee wale wasisafiri siku ya Sabato. Yaani kwenye tarehe mnaiheshimu imani ya watu, mkifika kwenye vinywaji mnawaandikia bia? Wengi wao hata kola na chai ya majani hawagusi. Wanataka maji, juisi, au soda za machungwa na za ndimu. Halafu Jumapili nayo ina mambo yake: kesho yake ni kazini, mtu akishakula anaaga. Hilo nalo halikuingia kwenye hesabu ya saa tano.

Kuna kwaya ya AIC anakosali dada yetu mkubwa. Kuna wafanyabiashara wenzake baba wa Mwaloni pale Kirumba, wauza dagaa na sato, wengi wao Waislamu. Kuna akina mama wanaonyonyesha, kuna wazee wa sukari na presha wako kwenye dawa, kuna watoto walioletwa kwa kadi za dabo.

Na kuna baba zetu wadogo wa Sengerema. Zamani hao ungewaandikia bia bila wasiwasi, maana aliyevuka Kigongo kwa kivuko kuja harusini alikuwa analala mjini, na anayelala mjini anakunywa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wanakuja na magari yao na wanarudi usiku uleule. Sheria ya barabarani kikomo chake ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu. Mtu mwenye usukani na familia ndani ya gari anywe bia tano kubwa kisha aanze safari ya Sengerema usiku? Nilipouliza hilo, mwenyekiti akasema watalala. Vyumba vya kuwalaza hakuna aliyevitafuta.

Wanywaji wenyewe wapo, tena wa nguvu. Vijana wa ofisini kwa bwana harusi walikaa meza tatu karibu na spika, na wapo waliopita bia saba. Sina ugomvi nao, walichanga, wakanywa, wakacheza vizuri. Lakini hata hao hawakusomwa: wazee wa Kanda ya Ziwa waliulizia Balimi zikawa za kuhesabu, rundo kubwa ni bia nyepesi za vijana. Mvinyo sitaongea sana. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano, meza za akina mama zilitaka chupa chache, zikaletwa mara mbili ya hizo.

Sasa nifike kwenye maji. Kadi ziliandikwa saa 12 jioni. Maharusi wameingia saa 2 na nusu usiku. Muda wote huo watu wameketi, mapambo yamefunika madirisha, feni mbili ndizo zinazunguka. Anayesubiri kwenye joto anakunywa maji. Bajeti ya kamati ilikuwa chupa moja ndogo ya maji kwa kichwa, na soda mbili kwa kila asiyekunywa. Na kwao wasiokunywa ni watu 96 tu, ile asilimia 30 iliyobaki! Soda 192, kreti nane, kwa watu 165. Halafu nusu ya kreti hizo ni kola.

Mama mkubwa wa bibi harusi, mtu mzima aliyetoka Musoma alfajiri kwa basi, alimwita mhudumu. Mezani kwake kulikuwa na bia mbili zilizokwishafunguliwa ambazo hakuna aliyeziomba, kwa sababu wahudumu walikuwa wanapita kila meza wanafungua kwanza, kuuliza baadaye. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti chake. Akasema, "Mwanangu, nipatie maji." Yule binti akamjibu kwa adabu tu, "Samahani mama, maji yameisha, labda nikuletee bia ya baridi." Mama wa watu akazisogeza zile chupa mbili mpaka katikati ya meza, akaupakata mkoba wake, akanyamaza. Shingo yote ilikuwa jasho. Dada yake aliyekuwa pembeni akanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa nimevaa beji ya kamati.

Nikamtuma bodaboda akanunue katoni za maji. Karudi upesi, mlinzi kamzuia getini: vinywaji vya nje haviingii bila kulipiwa. Nikatoka mwenyewe. Meneja anasema ndivyo mkataba unavyosema. Nikamwuliza, haya, ninyi mnayo maji ya kutuuzia? Hawana. Basi tupisheni tuingize haya. Hapana, lipeni. Tumelipia maji mara mbili, dukani na getini, wageni wakiwa na kiu, na meneja ameshika kitabu cha risiti kama karani wa mnada. Na pesa hiyo nimeitoa mfukoni mwangu kwa sababu mweka hazina alikuwa anacheza mbele na simu yake haipokelewi.

Kesho yake nimeenda kudai chupa 480 zirudishwe. Ukumbi unasema kilichoagizwa kimenunuliwa. Hatukuandikishana kwamba zisizofunguliwa zitarudi, na aliyekwenda kusaini ni mwenyekiti peke yake. Nimejaribu wenye maduka ya jumla, nao wana sababu: kreti zote zilitumbukizwa kwenye mapipa ya barafu tangu saa 10 jioni, lebo zimelowa na nyingi zimebanduka. Chupa isiyo na lebo dukani haiuziki. Kama zingepozwa kwa awamu, theluthi moja kwanza, nyingine ziingie kadiri zinavyotoka, leo tungekuwa na mamia ya chupa kavu zinazoweza kurudi. Hilo mtu yeyote aliyewahi kuuza grosari anajua, na kwenye kamati ile wauza grosari wawili wamo!

Hapo nilikuwa bado nimevumilia. Juzi jioni mwenyekiti ameandika kwenye grupu kwamba bia zilizobaki "zitatusaidia siku ya kuvunja kamati".

Kamati ina watu 22. Bia 480. Zaidi ya 20 kwa kila mjumbe, na wajumbe sita hawanywi kabisa. Sasa naelewa kwa nini karatasi yangu haikutakiwa. Watu waliopanga wingi wa bia ndio wanaokuja kunywa kilichozidi. Mama mkubwa yule alichanga shilingi 100,000, jina lake liko ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwaya ya AIC walikusanya wakaleta. Wazee wa Mwaloni walileta pesa na dagaa. Pesa za watu wasiokunywa zimenunua bia za kamati, na wenyewe hawakupata hata maji. Mpiga picha bado anatudai, na maharusi wameambiwa wasubiri albamu mpaka deni liishe.

Wapo wanaonipigia simu kuniambia bora kinywaji kibaki kuliko kiishe. Bora kwa nani? Bia ikiisha saa 5 usiku, mnywaji anatoka nje ananunua yake au anakwenda nyumbani akiwa ameshakunywa nne. Mtoto na bibi wa miaka 70 wakikosa maji saa 2 usiku wanakwenda wapi? Tena tahadhari ya asilimia kumi niliiweka. Kuongeza chupa 60 ni tahadhari. Kuongeza 480 kwa pesa za michango ni uporaji, na nitalisema hivyohivyo mbele yao.

Kikao ni Jumamosi hii. Naingia na daftari, ile karatasi ya safu tatu, na risiti ya getini. Nataka bia ziuzwe, mpiga picha alipwe, na mjumbe anayetaka kunywa siku ya kuvunja kamati anunue kwa bei ileile ya 2,500. Na nataka mwenyekiti awapigie simu wazee wa Musoma yeye mwenyewe aombe radhi, asimtume mdogo wangu.

Kwenu wadau nina maombi mawili. Aliyewahi kufanya sherehe Mwanza, ukumbi ukakubali kupokea chupa zisizofunguliwa, tafadhali aniambie mliandikaje kwenye mkataba na nani alikuwepo wakati wa kuhesabu. Na mwenye baa au grosari, Ilemela au Nyamagana, anayeweza kuzichukua zile zenye lebo kwa bei ya kuelewana kabla ya Jumamosi, aniandikie faragha, usafiri nitatafuta mimi.