"Hatukumpa karanga, tulimpa uji tu": chekechea nusura iniulie mtoto

Wakuu, habari zenu. Huu ni uzi mrefu na nina hasira, mnivumilie.

Mwanangu ana miaka minne na ana aleji ya karanga. Akiwa na mwaka na nusu alilamba mwiko wa kisamvu cha karanga, tukalala hospitali. Tangu siku hiyo karanga haiingii nyumbani kwangu. Januari wakati wa kumwandikisha chekechea nilipeleka barua ya daktari, nikakaa na mwalimu mkuu ana kwa ana, nikamtajia: karanga zenyewe, kashata, siagi ya karanga, mboga iliyoungwa karanga. Akaniambia, "Mama usijali, tumekuelewa." Barua ikawekwa kwenye faili. Sasa nimejua haikuwahi kutoka humo kwenda jikoni.

Jumanne saa nne na nusu asubuhi napigiwa simu. "Mama, mwanao ametoka vipele, labda kaumwa na mdudu." Nikauliza kala nini. "Kanywa uji tu." Uji gani? "Uji wa lishe, kama wenzake."

Jamani, uji wa lishe! Kuna mtu mzima nchi hii asiyejua unga wa lishe unasagwa na nini? Mahindi, ulezi, soya na KARANGA. Wengine wanaongeza dagaa, wengine mbegu za maboga, lakini karanga ni nadra kukosekana, ndiyo inayoupa uji ule mafuta na utamu. Anayepika uji huo kila siku ya Mungu anajua. Mwalimu anayeugawa anajua.

Nilifika kwa bodaboda. Mtoto macho yamevimba hayafunguki, midomo imevimba, anakohoa kikavu, sauti imekauka kama ya mzee, ameshatapika mara mbili. Na wao wamemkalisha kwenye benchi wanamnywesha maziwa ili "yaue sumu". Mtoto koo linaziba, unamnywesha maziwa! Maziwa hayatibu aleji, na mtoto anayehema kwa shida anaweza kupaliwa afie mikononi mwako. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria kumkimbiza hospitali.

Kule hospitali nako nesi akaja na Piriton. Nikamwambia, dada yangu, huyu hahemi vizuri. Piriton inatuliza muwasho, koo linaloziba haliwezi. Bahati daktari alikuwa anapita, alipomsikia anavyokoroma akaagiza adrenalini palepale, ikachomwa kwenye paja. Mtoto wa kilo 16, dawa yenyewe haikufika hata robo ya mililita. Dakika chache baadaye mwanangu akalia kwa sauti yake mwenyewe, na mimi nikakaa chini sakafuni. Tulilazwa hadi kesho yake kwa sababu hali hii inaweza kurudi baada ya saa kadhaa hata kama mtoto hajagusa kitu kingine.

Alhamisi nikaenda shuleni. Nilitegemea angalau pole. Mwalimu mkuu akaniambia, "Mama, sisi hatukumpa karanga, tulimpa uji." Nikamwambia karanga imo ndani ya uji. "Lakini ni kidogo, na imechemka." Kuchemsha hakuiondoi, na kwa mtoto kama wangu kidogo kinatosha. Halafu mwalimu mwingine akadakia, "Mnawadekeza hawa watoto, mzoesheni kidogo kidogo atazoea." Hapo ndipo nilipopandisha sauti, na sijutii. Kuzoesha kupo, ila hufanywa na madaktari bingwa, kwa vipimo vya miligramu na dawa ya dharura ikiwa pembeni. Si kikombe cha plastiki cha uji wa saa nne!

Nikaomba kuona pakiti ya unga. Ina picha ya mtoto mnene, namba ya simu na maneno "lishe bora". Kilichomo ndani hakikuandikwa. Nikampigia muuzaji, akanithibitishia karanga imo, na akasema hata ule usio na karanga unasagwa kwenye mashine ileile. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataja karanga waziwazi kati ya vitu ambavyo lazima viandikwe kwenye chakula kilichofungashwa. Binti Mwingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki mwaka 2016 kwa ufuta uliokandwa ndani ya mkate bila kuandikwa, wazazi wake wakapambana hadi Oktoba 2021 sheria ya Uingereza ikabadilika. Sisi tunasubiri afe mtoto wa nani?

Na asitokee mtu hapa akasema nimetangaza karanga ni sumu. Utafiti uliofanyika London kwa watoto wachanga 640, matokeo yakatoka 2015, ulionyesha kwamba kuwaanzishia mapema chakula chenye karanga kunapunguza sana aleji hii. Wenu wasio na shida wapeni. Mimi nazungumzia mtoto ambaye tayari anayo, na shule iliyopewa barua.

Niliomba mambo mawili tu: jina lake libandikwe ukutani jikoni, na siku za uji mimi nilete wake kwenye chupa. La kwanza wamekubali. La pili wamekataa, eti watoto wengine watatamani. Ada ya muhula nimeshalipa yote, hawarudishi.

Mtoto nimemtoa. Kwa hiyo wakuu wa Tabata, Segerea na Kinyerezi, nani anajua chekechea inayokubali mtoto aje na chakula chake, na yenye mwalimu atakayekubali nimkalishe nimwonyeshe dalili zenyewe? Nyingine: nimezunguka maduka ya dawa manne kutafuta adrenalini ya kalamu, ile ya kujichoma mwenyewe, sijapata. Aliyewahi kuipata Dar aniambie ni wapi.