Mchakamchaka au sahani: kipi kinampunguza mtu mwili?

Mleta mada, Mbagala

Wakuu, habari za Jumapili. Jana tulibishana kwenye klabu yetu ya mchakamchaka hadi jua likatuwakia barabarani na hatukumaliza, kwa hiyo naleta hoja hapa.

Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, ametangaza kwamba anaacha. Amekimbia nasi miezi minane, Jumamosi na Jumapili, hata siku za mvua anakuja. Mzani umeshuka kilo moja na nusu. Viongozi wakamwambia hajitumi, aongeze kilomita. Nikaona machozi yanamlengalenga. Nilisimama nikasema tumemwonea, na hapa nasema tena: kinachompunguza mtu mwili ni chakula kwanza. Mazoezi yanafuata nyuma. Kumwambia mtu aongeze kilomita kabla ya kumuuliza anakula nini ni kumchosha bure.

Tupige hesabu pamoja. Mtu anayekimbia anatumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita. Mwenye kilo 80 akikimbia kilomita 8 anatumia kama 640. Tukimaliza tunakwenda wapi? Kila mwanaklabu anajua: supu. Bakuli, chapati mbili, soda ya baridi. Chapati iliyokaangwa kwa mafuta ya kutosha haikosi kalori 250, na zipo zinazopita 300. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, yaani karibu kalori 150. Chapati mbili na soda ni 650, na kijiko cha supu bado hakijafika mdomoni. Saa nzima ya jasho imekwisha mezani kwa robo saa, halafu tunarudi nyumbani tumelala mchana kutwa kwa uchovu.

Jambo lililonibadilisha mawazo limetoka hapahapa kwetu. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe, watu wa Ziwa Eyasi wanaoishi kwa kuwinda na kuokota chakula porini. Waliwanywesha maji maalumu ambayo baadaye hupimwa kwenye mkojo, na kwa njia hiyo hujulikana mwili umetumia nguvu kiasi gani kwa siku. Wanaume wa Kihadzabe walikuwa wanatembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6, wakichimba mizizi, wakikwea mibuyu, wakifuata asali. Ungetegemea wanaunguza mara mbili ya karani wa New York anayeshinda kitini. Haikuwa hivyo. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya nguvu kwa siku yalilingana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Na bado Wahadzabe ni wembamba. Mimi naona jibu liko kwenye chungu: mizizi yenye nyuzi, matunda pori, ubuyu, nyama ya kuwinda. Hata hiyo asali wanaipata kwa shoka na nyuki.

Sipingi mazoezi. Mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alipohimiza watu wafanye mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi, mimi ni mmoja wa waliotoka kitandani kwa wito ule, na presha yangu imeshuka kweli. Ninachopinga ni kuwafanya wanene waonekane wavivu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Mtaani kwangu nawajua wa kundi hilo: anaamka saa kumi alfajiri kuchoma vitumbua, anasimama mpaka adhuhuri, anabeba ndoo za maji mwenyewe. Huyo utamwambia hajishughulishi?

Leteni hoja.

Kocha wa jimu, Arusha

Mkuu, hesabu zako nazikubali, hitimisho nalikataa.

Wahadzabe wametumika sana siku hizi kuwaambia watu kwamba mazoezi hayaunguzi kitu. Vipimo vile havikusema hivyo. Mwaka 2021 walikusanywa watu wazima zaidi ya 1,700 waliopimwa kwa njia ileile ya maji, na ikaonekana kwamba mwili hufidia sehemu tu ya nguvu inayotumika kwa kujishughulisha, wastani wa robo na kidogo. Inayobaki, karibu robo tatu, inatoka kweli. Kwa hiyo kati ya zile 640 zako, kama 450 ni faida. Tatizo la klabu yenu ni supu, wala si mbio.

Halafu umesahau swali kubwa zaidi: baada ya kupungua, nani anabaki hapo? Kukonda ni rahisi. Nimeona watu wanakunywa juisi siku kumi wakashuka kilo tano, na baada ya miezi mitatu wamerudi na kilo nane. Kuna shindano la televisheni la Marekani ambamo watu wanene sana walipungua makumi ya kilo kwa miezi michache. Watafiti walifuatilia washiriki 14 na majibu yakatoka 2016. Baada ya miaka sita karibu wote walikuwa wamenenepa tena, na miili yao ikiwa imetulia ilitumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Walipochunguzwa zaidi, waliofanikiwa kubaki chini ni wale waliozidisha kutembea na mazoezi. Marekani hiyohiyo kuna orodha iliyoanzishwa 1994 ya watu waliopungua si chini ya kilo 13 na wakakaa hivyo mwaka au zaidi. Wengi mno wanafanya mazoezi, wastani wa saa moja kwa siku, na zoezi linalotajwa zaidi ni kutembea.

Na anayepungua kwa njaa tupu anakula misuli yake mwenyewe. Mwambieni huyo mama asiache. Apime kiuno kwa futi ya fundi cherehani, maana mzani haujui kutenganisha nyama na mafuta. Anyanyue na vitu vizito mara mbili kwa wiki, hata madumu ya maji.

Mie wa Kisauni, Mombasa

Wallahi mimi Ramadhani nafunga siku zote, mchana kutwa sitii kitu mdomoni, na Idi huingia nguo hainitoshi. Viazi karai, bajia, kaimati, mahamri, sharbati yenye sukari kama dawa. Mazoezi yangu mwezi ule ni tarawehe na kutembea kwenda msikitini, zaidi ya miezi mingine. Sasa niambieni kilichoninenepesha ni nini.

Mama mpishi, Tanga

Wanangu, nimewasoma wote wawili. Nyote mnaongea kama watu mnaopakuliwa.

Mimi ndiye ninayepika. Nyumba yangu ina watu watano: mume, mama mkwe, watoto wawili na mimi. Mwaka juzi daktari aliniambia nipunguze kilo 15 kwa sababu ya magoti. Nikatoka nimeshika karatasi imeandikwa kula mboga, punguza wanga, punguza mafuta. Nani alipike hilo? Nikipika chungu changu peke yangu, mkaa unaongezeka. Nikipika wali wa nazi wa wenzangu halafu nile mchicha pembeni, mama mkwe anauliza kama nimegombana na mume.

Na kuna jambo wanaume hamlitaji. Huku kwetu mwanamke akipungua anaulizwa, "Mbona umekonda, unaumwa?" Sisi tuliokua miaka ya tisini tuliwaona ndugu zetu wakikonda kisha tukawazika. Kukonda kulikuwa habari mbaya, na habari hiyo haijatutoka mwilini. Nilipoanza kupungua shangazi yangu alinivuta jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepima. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa na hofu ya kweli. Sasa mtu anayeogopwa hivyo atapunguaje kwa raha?

Nilichofanya niliona kwenye chupa ya mafuta. Lita moja ilikuwa inaisha kwa siku tatu. Mjukuu wa jirani anayesoma sekondari alinipigia hesabu: lita moja ina kalori zaidi ya 8,000. Gawa kwa watu watano, siku tatu, ni zaidi ya 500 kwa kila mtu kila siku, na hujahesabu wali wala samaki. Nikaacha kumimina kutoka kwenye chupa, nikaanza kupima kwa kijiko cha chakula. Vitunguu naviunga kwa vijiko viwili na maji kidogo. Samaki nampika wa kuchemsha na ndimu au wa kupaka, kukaanga ni Ijumaa tu. Lita sasa inafika wiki. Sikumwambia mtu yeyote, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mwanangu wa mwisho aliyeuliza chipsi zimekwenda wapi. Sukari ya chai nimetoa vijiko vitatu nimefika kimoja, taratibu, kila baada ya wiki mbili.

Nimepungua kilo tisa kwa mwaka na miezi. Zoezi langu ni kwenda sokoni kwa miguu na kurudi. Kwa hiyo mimi niko na mleta mada. Ila msiseme "kula vizuri" kana kwamba kila mtu ana sahani yake peke yake.

Muuguzi, Dodoma

Mama, nakushukuru. Umesema kitu ambacho kliniki hatukisemi vya kutosha: tunampa ushauri mtu mmoja wakati chungu ni cha watu watano.

Naongeza mawili. Kwanza, kocha amesema kweli kuhusu faida za mazoezi, na naomba msizibanie kwenye uzito. Mgonjwa wa sukari akitembea dakika 15 baada ya kula, sukari yake inashuka hata kama mzani haujasogea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, mnene au mwembamba. Huyo mama wa Mbagala aliyekimbia miezi minane moyo wake umepata faida, na alipaswa kupongezwa. Lakini akija kwangu anataka kilo zishuke, nitaanza na sahani. Naona kila wiki waliokimbia bila kubadili chakula, na sijamwona bado aliyepungua sana.

Pili, aina ya chakula ina nguvu kuliko nia ya mtu. Mwaka 2019 huko Marekani Kevin Hall na wenzake waliwaweka watu 20 kwenye jengo la utafiti. Wiki mbili walipewa vyakula vya viwandani, wiki mbili vyakula vya kupikwa kawaida, na wakaambiwa wale watakavyo. Wakiwa kwenye vya viwandani walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku bila kukusudia, na uzito ukapanda karibu kilo moja kwa wiki hizo mbili. Ni watu walewale, wenye nia ileile. Maduka ya mtaani kwetu sasa yamejaa biskuti, soseji na juisi za unga. Nikiona mtoto anapewa soda kama zawadi ya kufaulu, naumia.

Na hizo chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani nawaomba muache. Nyingi zinaharisha. Kinachotoka ni maji, kesho yanarudi.

Kocha wa jimu, Arusha

Muuguzi, nakubali kwamba kilo za mwanzo zinatoka kwenye sahani. Sitabisha tena hapo. Ila wateja wangu wengi hawakuweza kubadili chakula mpaka walipoanza mazoezi. Mtu akishatoka jasho asubuhi anaona uchungu kulichafua kwa soda. Zoezi linamfungulia mlango wa sahani.

Mleta mada, Mbagala

Kocha, kwa wengine linafungua, kwa wengine linaleta njaa na ile sauti ya "leo nimestahili." Mimi nilikuwa wa pili. Miaka miwili nilikimbia nikiwa na kilo 92, sikushuka. Nilipoacha soda na nikala ugali nusu ya ule wa zamani na mboga mara mbili, zilitoka kilo 11. Kilomita hazikuongezeka hata moja. Hilo ndilo linanifanya niseme chakula kwanza, na hapo sijarudi nyuma.

Ambapo nimerudi nyuma ni kwa Mama wa Tanga. Nusu ugali yangu niliipata kirahisi kwa sababu anayepakua ni mke wangu, naye alinihurumia. Mwenzetu aliyetaka kuacha ndiye anayepakulia wengine, na sikuwahi kumuuliza nyumbani kwake mafuta yanaisha siku ngapi. Leo jioni nimempigia simu. Tumezungumza nusu saa, habari za kukimbia hatukuzigusa. Anasema lita ni siku mbili, maana mume wake anauza samaki na kila siku nyumbani ni kukaanga. Nimemsomea maneno ya Mama mpishi kuhusu kijiko cha chakula, akaniomba niyarudie ayaandike.

Jumamosi ijayo amekubali kuja. Nimewaambia viongozi kwamba siku hiyo hatuendi kwenye supu na chapati. Nataka tupate mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na mapapai, watu 40 hivi, saa mbili asubuhi. Aliye karibu na Rangi Tatu anayejua mama anayechemsha viazi vitamu alfajiri, aniandikie tafadhali.