Kasha kuukuu la alumini la kompyuta: ninunue nilikate, au nitafute jipya?

Mpenda_Bati
Wakuu, heshima kwenu. Kuna kasha la zamani la kampuni ya Lian Li nimeahidiwa na anayeliuza, la alumini yenye rangi yake ya fedha. Nimelipenda kwa wepesi na kwa sababu bati lake linakatika kwa zana za mkono. Shida ni mbili: feni zake zote ni za milimita 80, na kizimba cha diski kimeziba njia ya kadi ya grafiki. Kadi yangu ina urefu wa milimita 310. Nawaza kung'oa kizimba, kuweka feni ya 140 mbele na ya 120 nyuma, kisha kulipaka rangi nyeusi. Je, inafaa? Na duara safi linakatwaje na mtu asiye na karakana?

Tupa_na_Msasa
Kabla hujalipa, nenda na sumaku na futi. Makasha mengi yanayoitwa ya alumini yana alumini usoni tu, mifupa yake ni chuma. Sumaku ikinasa kwenye fremu, umeshajua. Kagua pia hesi (mikato ya ndani inayoshika skrubu) za matundu ya skrubu, hasa pale mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inapofungwa: alumini ni laini, hesi zake hufa upesi, na skrubu ikizunguka bila kubana una kazi ya ziada. Kisha pima kutoka ukuta wa nyuma hadi ndani ya uso wa mbele. Unahitaji 310 za kadi na 25 za unene wa feni, yaani zaidi ya 335.

Kijana_wa_Feni
Nunua mkuu, alumini inapoza kompyuta yenyewe!

Hewa_Kwanza
Hapo sikubaliani nawe, ndugu. Ni kweli alumini hupitisha joto vizuri kuliko chuma, lakini prosesa na kadi hazigusi kuta za kasha. Joto lake linabebwa na hewa, kwa hiyo njia ya hewa ndiyo inayoamua. Feni ya 120 ina eneo mara 2.25 ya feni ya 80, ndiyo maana inasukuma hewa ileile ikizunguka taratibu na bila kelele. Mwenye uzi, wazo lako la kukata ni sahihi. Ila weka raba kwenye skrubu za feni, bati jembamba la alumini hunguruma.

Mpenda_Bati
Asanteni sana. Nimepima, ni alumini tupu na ndani kuna 342. Nyuma pagumu: kati ya pawa saplai na matundu ya kadi, feni ya 120 haikai.

Tupa_na_Msasa
Basi nyuma weka ya 92, itatosha, mzigo mkubwa utabebwa na ya mbele.

Kukata sasa. Toa kila kitu, libaki bati tupu. Ribiti za kizimba zitoe kwa keekee, biti ya 3.2 mara nyingi ndiyo saizi yake. Toboa kichwa tu, kisha sukuma kilichobaki kitoke. Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili, chora duara kwa bikari juu ya tepu. Matundu ya skrubu ya feni ya 140 yanaachana milimita 124.5, ya 92 ni 82.5; yatoboe kabla ya duara, bati likiwa bado gumu. Bana ubao chini yake, kata kwa msumeno wa jigso wenye meno madogo ya kukatia chuma, mwendo wa chini, ukitia mafuta mepesi, maana alumini huganda kwenye meno. Usitumie diski ya grenda ya kukatia chuma: inaziba, inapata moto na inaweza kupasuka. Vaa miwani. Malizia kwa tupa ya nusu duara, kisha msasa.

Chenga za alumini hazinaswi na sumaku na zinapitisha umeme. Osha kasha lote kwa maji na sabuni, likauke kabisa kabla mazabodi haijarudi.

Rangi_Taratibu
Mimi nakusihi usipake rangi. Ule mng'ao wa fedha ni tabaka la oksidi lililokuzwa kwenye alumini yenyewe, halibanduki kama rangi. Ukishikilia nia yako, sugua kwa msasa laini na anza na praima maalumu ya alumini, ya kawaida itabanduka. Ziba kwa tepu sehemu zinazogusana na pawa saplai na vigingi vinavyoshikilia mazabodi. Rangi haipitishi umeme, na kasha linapata athi (njia ya umeme kwenda ardhini) kupitia hapo.

Mpenda_Bati
Umenishawishi, libaki la fedha. Nalichukua. Waya za mbele zitaingia kwenye mazabodi mpya?

Hewa_Kwanza
Swichi ya kuwashia itaingia bila shida. Plagi ya taa ya pawa kwenye makasha ya zamani huwa na nafasi tatu, mazabodi nyingi za sasa zina mbili. Inua kilimi cha plastiki kwa sindano, uhamishe pini moja. USB zake za mbele zikiwa za 2.0, tafuta plagi ya pini 9 kwenye mazabodi. Ile ya pini 19 ni ya USB 3.0, hazipachikani.

Mpenda_Bati
Nimeelewa. Nikishakata uso wa mbele nitaweka picha hapa mnikague kabla sijafunga feni.