Mjadala: Benki zinyang'anywe kazi ya kutengeneza pesa?

Mleta mada: Wadau, wengi tunaamini benki huchukua akiba ya Asha ikamkopesha Juma. Sivyo. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Uingereza ilisema wazi kwenye jarida lake kwamba benki ya biashara ikitoa mkopo, papo hapo inaunda amana mpya.

Fuateni mkopo mmoja wa elfu 10. Afisa akishaupitisha, vitabu vya benki vinapata mistari miwili. Upande wa mali: elfu 10 anazodaiwa Juma. Upande wa dhima, yaani madeni ya benki: salio la elfu 10 kwenye akaunti ya Juma. Salio la Asha halijapungua hata senti. Juma akimaliza kulipa, mistari yote miwili inafutika na pesa ile inakufa. Salio la namna hiyo ndilo sehemu kubwa ya pesa tunayotumia. Noti na sarafu ni sehemu ndogo.

Sasa kwa nini kazi nyeti hivi iachiwe kampuni inayotafuta faida? Mwaka 1933 wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago walipendekeza kila amana ya matumizi iwe na akiba ya asilimia 100 nyuma yake (akiba hapa ni fedha ya benki yenyewe, taslimu au iliyoko benki kuu, siyo akiba ya Asha), na benki zikopeshe tu fedha ambazo wenyewe wamekubali zifungiwe. Mchumi wa Marekani Irving Fisher akaipigia debe sana. Mimi niko upande wao.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeishia njiani. Juma hakukopa ili aangalie salio, amenunua gari. Muuzaji ana akaunti benki nyingine, kwa hiyo benki ya Juma inahamisha akiba zake zilizoko benki kuu kwenda huko. Ikikopesha ovyo, akiba zinakauka. Halafu kuna mtaji: chini ya Basel III, kanuni za kimataifa za benki zilizokuja baada ya mtikisiko wa 2008, wenye hisa lazima wawe na chao mezani, angalau asilimia 4.5 ya mali zilizopimwa kwa hatari (mkopo wa hatari zaidi unahesabiwa mzito zaidi). Usiwachore kama wafyatua matofali.

Mleta mada: Benki moja inabanwa, nakubali. Je, zote zikikopesha kwa mwendo mmoja? Akiba zinazotoka kwangu zinaingia kwako, zako zinakuja kwangu, jioni tunakatana, tofauti ni ndogo. Hiyo breki inashika gari moja, haishiki msafara. Na akiba ya lazima Marekani waliishusha hadi sifuri Machi 2020.

Mchangiaji wa pili: Uswisi waliulizwa jambo hilihili kwa kura Juni 2018. Robo tatu ya waliopiga kura walikataa. Tena swali gumu hujaligusa: benki zikishanyang'anywa, nani anaamua mwaka huu iongezwe pesa kiasi gani? Kamati ya watu wachache benki kuu, huku waziri mwenye uchaguzi mwakani akigonga mlango. Leo benki ikikosea kumkopesha mtu, inaumia yenyewe kwanza (ukiacha zile kubwa zinazookolewa, hapo sina utetezi). Kamati ikikosea, tunaumia wote kwa siku moja.

Mchangiaji wa tatu: Nyote mnadhani pesa inazaliwa benki tu. Septemba 2008, siku moja baada ya benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers kufilisika, mfuko mmoja wa uwekezaji Marekani, Reserve Primary Fund, ulitangaza kwamba kila dola ya mteja sasa ni senti 97. Haukuwa benki. Ila watu waliuona kama akaunti: unaweka dola, unatoa dola. Wateja wa mifuko mingine nao wakakimbilia kutoa, na siku chache baadaye serikali ikalazimika kuidhamini. Funga benki kwa akiba ya asilimia 100, kesho mtu atabuni karatasi nyingine inayoahidi kulipwa wakati wowote, nasi tutaipokea.

Mleta mada: Mkuu, hapo umenishika. Basi nirekebishe hoja: anayeahidi kulipa wakati wowote, thamani kamili, na ajiite jina lolote, aweke akiba kamili. Asiyetaka, mteja wake aelezwe siku ya kwanza kwamba anaweza kurudishiwa pungufu. Ila mchangiaji wa pili, la waziri na mlango wa benki kuu bado sina jibu lake.

Mchangiaji wa pili: Nasubiri.