Kofia za sherehe za karatasi: manila, karatasi ya kawaida au taji? Nisaidieni kuchagua

Zawadi_K
Habari wana jukwaa. Jumamosi kuna sherehe ya kuzaliwa na nimekabidhiwa kofia. Nimebaki na njia tatu: koni ya manila, koni ya karatasi ya kawaida ya kuchapishia iliyofunikwa kwa karatasi ya zawadi, au taji la ukanda. Ipi inafaa zaidi? Na nitumie gundi au stepla?

MkasiMkali
Hujasema kofia ngapi, za watu wa umri gani, na sherehe ni ndani au nje. Bila hayo kila mtu atakupigia debe la kile anachokipenda. Una bikari, au utachora duara kwa uzi na penseli?

Bikari
Wakati tunasubiri majibu, vipimo ni hivi. Usichore nusu duara, ingawa ndivyo watu wengi wanavyofundishwa. Nusu duara yenye nusukipenyo cha sm 12 inatoa koni ya kimo cha sm 10 tu, inakaa kichwani kama kifuniko cha sufuria. Chukua theluthi ya duara, yaani digrii 120, nusukipenyo sm 18. Upinde wake una urefu wa karibu sm 37.7, mdomo wa kofia unakuwa na kipenyo cha sm 12, kimo sm 17. Hiyo ndiyo sura ya kofia ya sherehe.

Na inatoka kwenye A4 moja. Ukiiweka katikati haiingii, kwa sababu inataka upana wa sm 31. Ilaze hivi: piga mstari sm 1.5 juu ya ukingo mrefu wa chini, weka ncha ya bikari kwenye mstari huo, sm 10 kutoka ukingo wa kushoto. Chora upinde kuanzia mstarini upande wa kulia hadi digrii 120. Ile sm 1.5 ya chini ndiyo ulimi wa gundi, usiikate. Kwa kichwa kikubwa panua hadi sm 19. Zaidi ya hapo ulimi unakosa nafasi.

Shangazi_T
Taji, mwanangu. Ukanda wa sm 60 kwa 10, kata meno, unganisha ncha, kwisha. Halina lastiki ya kumkaba mtoto kidevuni, na ukilifunga kwa kipande cha selotepu unaweza kulilegeza au kulikaza kichwa kwa kichwa. Koni inataka ipimwe, itobolewe, ifungwe, na bado inaanguka mtoto akiinama.

MkasiMkali
Shangazi, kwa heshima, taji la karatasi laini linapinda meno kabla keki haijakatwa. Nalo linataka manila, na A4 haina urefu wa sm 60. Utaunganisha vipande viwili au vitatu, na kila kiungo ni mahali pa kukatikia.

Shangazi_T
Vipande viwili vya sm 29.7 vikipandana sm 2 vinatoa sm 57 na ushee. Kichwa cha mtoto wa miaka mitano ni kama sm 51. Kinatosha na kinabaki.

Zawadi_K
Samahani, niliacha mengi. Watoto 30, wengi miaka minne hadi saba, ila kuna wawili wa mwaka na nusu. Ni nje, uwanjani. Bikari sina.

KaratasiNene
Nje! Hilo limebadilisha kila kitu. Karatasi ya kuchapishia ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Upepo ukiipiga inabonyea, na jasho la paji la uso linalainisha mdomo wake. Manila ya gramu 160 hadi 220 ndiyo yenyewe. Ukivuka 250 inakataa kujiviringisha na inavunjika mikunjo karibu na ncha.

Sasa gundi, maana hapa ndipo watu wanapopoteza kazi ya usiku mzima. Kofia zinabandikwa kwa gundi ya kijiti, zinasimama vizuri mezani, zinapangwa moja ndani ya nyingine. Asubuhi nusu yake zimefunguka. Sababu ni kwamba manila ina nguvu ya kurudi kulala bapa, inavuta kiungo bila kupumzika, na gundi ya kijiti haijaingia ndani ya nyuzi, imekaa juu tu. Kuzipanga kunaongeza msukumo kutoka ndani. Anayeokoa kwa kuongeza gundi nyeupe ya maji anaikuta karatasi ya zawadi imevimba viputo, kwa kuwa karatasi nyembamba ikinywa maji hutanuka na manila iliyo chini yake haitanuki kwa kiasi kile. Ikiwa ni karatasi ya krepu, rangi nayo inachuja na kuhamia kwenye paji la uso.

Kinga: iviringishe manila kwanza kwenye ukingo wa meza mpaka ishike umbo, ndipo ubandike kwa selotepu ya pande mbili. Gundi nyeupe inafaa manila tupu tu, ikipakwa nyembamba na kubanwa kwa vibanio vya nguo nusu saa.

Bikari
Stepla nayo si mbaya. Pini mbili, moja mdomoni na moja katikati. Miguu ya pini itokeze nje, mgongo wake ubaki ndani upande wa nywele, halafu funika miguu kwa selotepu.

KaratasiNene
Kwa watoto wale wawili wadogo sikubali pini hata moja. Wala kishungi cha nyuzi kileleni, wala vipambo vya kubandika, wala lastiki. Mtoto wa chini ya miaka mitatu huvuta na kutia mdomoni. Hao wape taji la Shangazi.

MkasiMkali
Bikari, mpangilio wako una kasoro: nyuzi zilizomo ndani ya karatasi ya A4 kwa kawaida zinafuata urefu, na mstari wa katikati wa koni yako, kutoka kileleni hadi mdomoni, unazikata kwa digrii 60. Karatasi inakunjwa kinyume cha nyuzi, nayo hukataa kujiviringisha vizuri.

Bikari
Mistari ya koni inatawanyika kwenye digrii 120 zote. Uiweke vyovyote utakavyo, kuna sehemu itakayokunjwa kinyume cha nyuzi. Kwa gramu 180 haionekani. Kata tu mm 5 za kileleni kabla ya kuviringisha, kwa sababu pale ndipo panapovunjika, na tundu linalobaki linapitisha nyuzi za kishungi.

Zawadi, kwa kuwa huna bikari: ukanda wa manila, tundu mbili zilizoachana sm 18, pini ya ramani kwenye moja, penseli kwenye nyingine. Chora kiolezo kimoja, kata 28 kwa kukifuatisha.

Zawadi_K
Asanteni. Na lastiki iwe ndefu kiasi gani?

MkasiMkali
Sm 32 ya mm 3, mafundo yakiwa ndani. Tundu ziwe sm 1 juu ya mdomo, na ubandike selotepu kabla ya kutoboa. Kila moja iwe robo ya mzunguko kutoka kwenye kiungo, moja kila upande, ili kiungo kikae kisogoni.

Shangazi_T
Sm 32 inabana. Utepe wa kufunga pembeni ni bora, kila mama anamfungia wake.

MkasiMkali
Utepe unafunguka kila mtoto anapokimbia, Shangazi. Kwa watoto 28 nani atakuwa anafunga upya?

KaratasiNene
Zawadi, hiyo manila umeshainunua? Ni gramu ngapi?