Gereji imenitoza 40,000 ya "kuseti taa ya eabegi", kumbe wameibandika selotepu

Wakuu habari za muda huu. Nina hasira, mtanivumilia. Jina la gereji sitaji kwa sasa kwa sababu malalamiko rasmi yako njiani. Niseme tu kwamba iko upande wa Tabata, ina geti, ina bango, ina kijana anayekuletea maji ya baridi ukisubiri. Nayasema haya mapema kwa wale watakaokuja na "ndiyo shida ya kupeleka gari chini ya mwarobaini". Hapakuwa na mwarobaini.

Gari ni Toyota Vitz ya 2012. Nilipeleka mambo mawili. La kwanza usukani ulikuwa unagonga, gu gu gu, kila nikipita barabara zetu za ndani Kinyerezi. La pili siti za nyuma zishonwe leza, maana kitambaa kilishachorwa ramani ya uji na juisi na hakisafishiki tena. Wakapima wakasema jointi ya usukani imekufa. Ilikuwa imekufa kweli, hapo sina ugomvi nao.

Naenda kuchukua gari, usukani umetulia. Leza imeshonwa, uzi mwekundu ambao sikuuomba, lakini umependeza. Nabonyeza honi, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Kijana anacheka, ananionyesha chini ya redio. Wameweka swichi nyeupe ya kengele ya mlangoni! Ile yenye kialama cha kengele kabisa, imefungwa kwa skrubu mbili kwenye plastiki ya dashibodi. "Madam, honi yako sasa iko hapa. Ile ya kwenye usukani hizi Vitz zinasumbua sana."

Kwa wasiojua, honi kufa baada ya fundi kushika jointi ya usukani si bahati mbaya. Nyuma ya usukani kuna kitu mafundi wanakiita spairo kebo. Ni utepe wa nyaya uliozungushwa ndani ya kiboksi cha plastiki, unapeleka umeme kwenye honi na kwenye eabegi ya dereva (lile puto linalofumuka kukukinga ukigonga) huku usukani ukizunguka. Utepe huo una mwisho wake kila upande. Ndiyo maana kabla ya kuachanisha jointi unatakiwa unyooshe matairi na uufunge usukani usizunguke. Usipoufunga, ukazunguka wenyewe huku jointi haijashika, spairo inapoteza katikati yake. Unarudisha kila kitu unaona sawa, siku mteja anakata kona hadi mwisho, utepe unavutika unakatika. Ikikatika, honi haina umeme, na eabegi nayo haina.

Sasa twende kwenye ile taa nyekundu ya kijitu kimekaa na puto kifuani. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, inatakiwa iwake kama sekunde 6 halafu izime. Inapowaka gari linajipima, inapozima linakwambia mfumo uko salama. Ikiwaka isizime kuna tatizo. Ikiwa haiwaki kabisa, ogopa zaidi. Yangu ilikuwa haiwaki kabisa. Na kwenye kikaratasi cha malipo (kikaratasi, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sijapewa mpaka leo) kuna mstari umeandikwa kwa peni: "kuseti taa ya eabegi 40,000". Nikauliza kwa nini iliguswa wakati ilikuwa haina shida. Nikaambiwa ilianza kusumbua ikiwa pale, wakaituliza.

Nikaenda kwa fundi umeme mwingine Ilala, mzee mmoja wa makamo anayepima kwa mashine. Akachomeka, mashine ikatoa namba ya hitilafu B1801. Maana yake kwa magari ya Toyota ni kwamba mzunguko wa umeme wa eabegi ya dereva umekatika. Mzee akauliza, "Mbona huku imeandika na taa haiwaki?" Akaifungua dashibodi mbele yangu. Nyuma ya ile alama kulikuwa na kipande cha selotepu nyeusi ya umeme, kimekatwa kwa wembe vizuri kabisa, ukubwa wa kucha ya kidole kidogo. Kazi safi kuliko zote walizofanya kwenye lile gari.

Yaani mnaelewa? Walijua. Mtu asiyejua hakati selotepu kwa wembe. Waliiona taa, wakaelewa wamekata kitu, wakaamua kinachotengenezwa ni macho yangu. Halafu wakanitoza.

Mzee akaingia chini ya usukani na tochi. Akaniita niangalie. Mti wa usukani, yaani ule mhimili unaoshuka kutoka kwenye usukani, haufungwi kwenye bodi kama bomba la maji. Umetengenezwa ujikunje na kuteleza gari likigonga mbele, ili usije ukakuchoma kifua. Pale bano linaloubeba mti huo linaposhikwa na bolti kuna vipande vidogo vilivyowekwa makusudi viachie kwa nguvu ya ajali. Marekani jambo hili lilishawekewa sheria tangu 1968: gari likigongeshwa ukuta kwa maili 30 kwa saa, usukani usirudi nyuma kwa dereva zaidi ya milimita 127. Kwangu mimi kipande cha kulia kimevunjwa, mahali pake wameweka bolti na washa nne nene zimepangwa juu ya nyingine, limekazwa mpaka rangi imebanduka. Kwenye kichwa cha mti kuna alama za nyundo. Jointi iligoma kutoka wakaigonga. Vitabu vya matengenezo vya magari haya vinakataza nyundo pale, maana ukigonga unaweza kuharibu hizo sehemu za kujikunja bila kuona chochote kwa nje.

Hapo bado sijafika nyuma.

Mwanangu ana mwaka na nusu. Ana kiti chake cha gari cha ISOFIX, kile kinachojifunga kwenye vyuma vya gari lenyewe, dada yangu alimletea. Pale siti ya kukalia inapokutana na mgongo kuna vyuma viwili vya duara vimejificha, unene milimita 6, vimeachana milimita 280 kati kwa kati. Vipimo hivyo ni vya dunia nzima, kiwango cha ISO 13216, ili kiti cha kampuni yoyote kiingie kwenye gari la kampuni yoyote. Mikono ya kiti inang'ata vile vyuma, unasikia "tak", kialama kinatoka nyekundu kinakuwa kijani.

Ninaingiza kiti, upande wa kushoto kijani. Upande wa kulia naingiza mkono wangu kwenye leza mpya, natafuta chuma, hakuna. Nimekuta kisiki tu, kimekatwa kwa grenda, kina makali. Nikarudi gereji siku ileile. Fundi siti bila aibu: "Kile kichuma kilikuwa kinachubua leza, dada'angu. Nikaona hakina kazi."

Nikapiga kelele, nakiri, nilipiga kelele mpaka wateja wakageuka. Mwenye gereji akatoka ofisini. Na unajua alisema nini? "Madam, mpigie shemeji aje nimweleze, haya mambo ya gari utayasumbukia bure." Gari ni langu. Kadi ina jina langu. Shemeji anayetafutwa hajui hata oili inamwagwa wapi.

Wakaamua kunitengenezea nikiwa pale. Wakaleta kipande cha nondo, wakakikunja kwenye kona ya gogo, wakakichomelea. Wakanifungulia mlango kama wananikabidhi zawadi. "Tumekuwekea kipya, cha kwako kilikuwa chembamba." Nondo ya milimita 8! Mkono wa kiti haung'ati, kialama kimebaki chekundu, na yule fundi anakisukuma kiti kwa goti akisema kiti ndicho kibovu, cha Kichina. Kiti kimetengenezwa Ujerumani, lakini hiyo si hoja.

Hoja ni kwamba vyuma vile havipimwi kwa goti. Kanuni namba 14 ya Umoja wa Mataifa inavijaribu kwa kuvivuta mbele kwa kilonyutoni 8, karibu sawa na uzito wa kilo 800. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ukikatishwa ghafla, mtoto wa kilo 11 pamoja na kiti chake anavuta mara ishirini ya uzito wake na zaidi. Nondo iliyodondoshewa welding juu ya bati jembamba, pembeni ya bati lililoungua, itakaa sekunde ngapi? Na tafadhali asije mtu na "mpakate tu". Hakuna mikono ya mama inayoshika uzito huo. Kwa sasa nakifunga kwa mkanda wa kawaida wa siti kwa sababu kitabu chake kinaruhusu. Wenye viti visivyoruhusu wangefanyaje?

Suluhu ya mwenye gereji baada ya mimi kumwonyesha picha ya selotepu: "Nitakutafutia eabegi used kule mtaa wa Gerezani, tunafunga, yanaisha." Kwanza eabegi yangu ni nzima, kilichokatika ni spairo. Pili, huyu mtu amewahi kusikia habari za Takata, ile kampuni ya Kijapani iliyotengeneza eabegi? Zaidi ya vifyatulio (vile vinavyolijaza puto) milioni 60 viliitwa virudishwe Marekani peke yake, kampuni ikafilisika 2017, kwa sababu kemikali ya ndani inaharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, halafu ikifyatuka inapasua chuma na kukurushia vipande usoni. Joto na unyevunyevu. Hapa Dar! Ndiyo unaniokotea eabegi isiyojulikana imetoka gari gani unifungie kifuani? Wenye magari ya Kijapani ya zamani, ingizeni namba ya chesesi kwenye tovuti ya mtengenezaji muangalie kama yenu iliitwa. Ni bure.

Kuna jambo jingine linanikera kuliko hata gereji. Gari hili lina stika ya ukaguzi ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, nimelipia. Waliangalia tairi, indiketa, mtungi wa moto, triango. Nimesimamishwa na trafiki mara ngapi barabarani, hakuna aliyewahi kuniambia "washa swichi nione taa ya eabegi". Mafundi wanalijua hilo vizuri. Kinachokaguliwa kinatengenezwa, kisichokaguliwa kinabandikwa selotepu. Sheria yenyewe ya Usalama Barabarani ni ya 1973, hivyo vyuma vya kiti cha mtoto vilikuwa havijabuniwa.

Ninachodai gereji ni hiki: warudishe 40,000 ya selotepu, wanunue spairo kebo mpya, wanunue bano la mti wa usukani, na walipe kazi ya kuondoa ile nondo ifungwe sehemu halisi. Kazi yenyewe wasiiguse wao. Wakikataa naenda Tume ya Ushindani, kumlinda mlaji ni kazi yao kwa sheria ya 2003. Picha zote ninazo na kile kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono wao ninacho.

Kwenu wakuu naomba msaada wa maana. Nani hapa mjini amewahi kubadilishiwa vyuma vya ISOFIX vikakaa kwenye vipimo, si kuchomelewa? Na namtaka fundi ambaye akishika mfumo wa eabegi anatoa kwanza waya hasi wa betri na kusubiri sekunde 90 ndipo aguse zile plagi za njano, maana mfumo unabaki na umeme wa akiba hata betri ikitolewa. Ambaye spairo mpya ataizungusha mpaka mwisho, airudishe mizunguko miwili na nusu, alinganishe alama ndipo arudishe usukani. Kama fundi wako atauliza "sekunde 90 za nini?", usinitumie namba yake.

Halafu spairo ya Vitz nimetajiwa bei tatu tofauti Kariakoo: 85,000, 140,000 na 220,000, wote wanaapa ni orijino. Aliyenunua karibuni aniambie ipi ni bei halali, nisipigwe tena.