"Huyu hajawahi kuuma mtu"

Wadau, naomba tulijadili hili. Mbwa akimuuma mtu, neno la kwanza la mwenye mbwa karibu kila mara ni hilo hapo juu. Mimi nililisikia nikiwa nimembeba mtoto wa dada yangu, miaka saba, soksi imelowa damu na alama nne za meno kwenye shavu la mguu. Geti liliachwa wazi. Jirani hakuuliza mtoto anaendeleaje, alimtetea mbwa.

Utetezi huo una mizizi. Sheria ya kale ya Kiingereza, iliyorithiwa na nchi nyingi, ilimbana mwenye mbwa pale tu ilipothibitika alijua mnyama wake ni mkali. Hata katika Biblia, kitabu cha Kutoka sura ya 21, mwenye ng'ombe aliyeua mtu kwa pembe aliachiliwa, isipokuwa kama alishaonywa na hakumzuia.

Siukubali. Maana yake lazima mtu mmoja aumwe bure ndipo mbwa apate jina la ukali. California hawasubiri: ukiumwa mahali pa umma, au ukiwa umeingia kwa mtu kihalali, mwenye mbwa analipa hata kama hakuwa na habari. Mwizi aliyeruka ukuta ni kesi nyingine.

Kuna wanaosema kibao cha "Mbwa mkali" kinatosha. Kinatosha kuthibitisha kwamba ulijua! Mtoto asiyejua kusoma kitamsaidia nini?

Wengine wanataka aina fulani za mbwa zipigwe marufuku, kama Uingereza ilivyofanya mwaka 1991. Mimi naona kipengele kingine cha sheria hiyohiyo kina uzito zaidi: mbwa wa aina yoyote akiachwa bila udhibiti akaua mtu, mwenye mbwa anaweza kufungwa hadi miaka 14. Hapo anayeulizwa ni aliyeshika kamba.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Dalili zikishaonekana, kupona ni karibu haiwezekani, kwa hiyo kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha chanjo ianze haraka. Sindano hizo hazisubiri hukumu. Nataka sheria imlazimishe mwenye mbwa kuzilipia siku ileile, na mabishano ya fidia yafuate baadaye.

Ninapokwama ni hapa, nisaidieni: mbwa asiye na kola, anayelishwa mabaki na nyumba tatu na kulala kwenye mlango wa ya nne, akiuma mtu tumshike nani?